Madam na Damu ya Kulinganishia

Hakupenda kuitwa daktari, na kaunti nzima ilimwita daktari. Watu walimfuata hadi sokoni Sigowet wakimwonyesha vidonda vya miguu na watoto wenye masikio yanayotoa usaha, naye akasimama na mfuko wake wa nyanya akiwaeleza, "Mimi si daktari ya kutibu. Mimi ni daktari ya kusoma." Hakuna aliyemwelewa. Mwishowe angechungulia lile sikio, agune, kisha amwelekeze mama wa mtoto kwa nesi fulani wa zahanati anayemwamini. Sisi wa maabara tulimwita Madam, kama tulivyowaita walimu wetu wa shule ya msingi, na sababu ni ile ile: ukikosea alikukodolea macho mpaka ukumbuke mwenyewe ulichokosea.

Sitaandika alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa ngapi. Hayo yalisomwa kwenye mazishi yake kwa kirefu, mvua ikitunyeshea. Mimi namjua wa kazini. Nilikaa naye chumba kimoja miaka mingi, katika hospitali iliyo juu ya kilima upande wa Bomet, chai imeizunguka pande zote, nikisikia pua yake ikipiga mluzi mdogo kila alipoinamia hadubini. Ukikaa na mtu hivyo unamchoka, na mimi nilimchoka, sitadanganya. Hata leo nikimkumbuka, kinachotangulia ni uchovu, halafu mengine yanafuata.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta seli za saratani ndani ya damu. Ukisema hivyo mbele ya watu wanafikiria mashine kubwa kama friji. Yetu ilikuwa chipu ya plastiki, kipande kinachopotea kiganjani, na ndani yake kumechorwa vijia vyembamba kuliko unywele. Damu inasukumwa humo polepole sana. Seli za damu ni laini, zinajikunja na kupita. Seli ya saratani iliyobanduka kutoka kwenye uvimbe na kuingia katika damu ni kubwa zaidi na ni ngumu kidogo, kwa hiyo inakwama njiani. Unatia rangi inayoifanya ing'ae, unazima taa ya chumba, unaangalia kwa hadubini, na unatafuta nukta. Ndiyo kazi. Ukiifanya kutwa nzima unarudi nyumbani ukiona nukta kwenye sufuria ya sukuma wiki.

Mgeni mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja na mpiga picha, aliiita chipu yetu mashine ya kuona kansa. Madam alimkata hapo hapo.

"Haioni. Inachuja. Kuona ni kazi yetu, na sisi tunakosea."

Mgeni akacheka, akidhani anatiwa utani. Picha ilipotoka gazetini, chini yake paliandikwa mashine ya kuona kansa, na Madam akalikunja lile gazeti akafungia slipa zake za zamani.

Saratani inayotumaliza huku ni ya koo, ile njia ya chakula yenyewe. Wataalamu wana maelezo mengi na hakuna linalomaliza maneno. Tunachokijua sisi ni jinsi wanavyofika. Mtu anaanza kuacha ugali, anasema ni mkavu. Halafu anaacha wali. Halafu anakunywa uji tu, na watu wa nyumbani wanasema amezeeka, mwacheni. Anapoletwa hospitali ameshika chupa ya maji ambayo nayo haishuki. Walikuwa wakikaa kwenye benchi nje ya wadi wakingoja kuwekewa mpira wa kuzibua koo, na Madam hakupita mbele ya benchi lile. Alizunguka nyuma ya jikoni, kwenye moshi na maji machafu, akidai njia ya mbele ina matope. Njia ya mbele ilikuwa ya saruji.

Kwa hiyo hasira zake nyingi zilikuwa za kuchelewa. Alitaka damu iseme kabla koo halijasema. Kila kitu kilichochelewesha kazi kilikuwa adui yake: stima kukatika, jenereta kugoma, barabara ya kwenda Fort Ternan baada ya mvua, mkutano wowote wenye maombi ya kufungua na ya kufunga. Niliwahi kumsikia akiitukana jenereta kwa Kikipsigis muda mrefu bila kurudia tusi. Jumapili yake aliimba kwaya, vibaya, akiwa safu ya mbele, na mchungaji hakuthubutu kumhamisha.

Kusifu hakujua. Ukifanya kazi nzuri alisema, "Haikuharibika." Karanja, dereva wetu, kijana wa mjini Kericho ambaye wazazi wake walikuja kutoka Nyeri na biashara ya duka, alitupeleka siku moja Londiani na kurudi kwenye ukungu ambao hata mbuzi alikuwa haonekani mpaka umguse na bampa. Tulipofika salama Madam alishuka, akalitazama gari, akasema, "Haikuharibika." Karanja aliringa na neno hilo wiki nzima.

Na chai. Mtu aliyezungukwa na chai mpaka dirishani, lakini hakuinywa ya moto hata siku moja. Aliimimina kikombeni akaiacha mpaka iote ngozi juu, akaiondoa ile ngozi kwa kidole, ndipo akainywa. Alisema chai ya moto inashukiwa kuunguza koo mpaka lishike saratani, na kama kuna lolote linaloweza kuacha koo la mtu lipumzike, afadhali alifanye, ushahidi utakuja baadaye. Tulipokwenda majumbani kutafuta watu wa kupima hili lilileta vita. Huku kwetu ukimpa mgeni chai baridi umemtukana. Mama mwenye nyumba angemletea kikombe kinachofuka moshi, Madam angekishika na kuzungumza, kuzungumza, mpaka kipoe, na mama akigundua kimepoa anakinyang'anya na kukirudisha jikoni kukipasha.

Waliopigana naye vikali zaidi walikuwa mke na mume wa Londiani, wakulima wa viazi. Mume tulimwita Mzee tu. Ndugu zake walikuwa wamekufa kwa saratani ya koo, mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe alisema anasikia kitu kama unywele kikimgusa anapomeza. Mke wake alikuwa mwanamke mfupi asiyesema sana, na alikipasha kile kikombe cha Madam tena na tena bila kutabasamu, mpaka Madam akashindwa, akakinywa kikiwa moto, machozi yakamtoka.

"Sasa umekunywa," mama akamwambia. "Sasa tuongee."

Hapa inabidi nieleze desturi yetu moja, kwa sababu kila kitu kilitoka hapo.

Watu wa huku hawapendi kutolewa damu na wageni, na siwalaumu. Ukifika na sindano na kisanduku cha barafu, cha kwanza wanauliza inaenda wapi. Cha pili wanauliza nani anainunua. Pale Fort Ternan kijana mmoja alisimama akasema waziwazi kwamba sisi ni wale wa kuabudu shetani, na foleni nzima ikaanza kuyeyuka. Madam hakubishana naye. Alivuta kiti katikati ya uwanja, akaketi, akakunja mkono wa sweta.

"Moraa, nianze mimi."

Nikamtoa damu mbele ya watu wote. Nilipomaliza alibonyeza pamba na kuwaambia watu, kwanza kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiswahili ili mimi Mkisii nisibaki nyuma, "Kwetu mwenye kibuyu ya maziwa ya mursik anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Leo mimi ndio mwenye kibuyu." Watu wakacheka. Wakarudi. Hata yule kijana alirudi, akiwa wa mwisho na amenuna.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo njia yetu. Kila tulikokwenda alionja kwanza. Kule Londiani Mzee alimwangalia akitolewa, akakubali kwa kichwa, akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Ng'ombe ya baba yangu ilikuwa inatolewa damu kwa shingo, na jioni inakula nyasi. Toa."

Sasa Madam hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alihifadhi kamba za maboksi, alihifadhi mifuko ya plastiki mpaka ikapigwa marufuku, na damu yake aliyoitoa kwa ajili ya kuwatuliza watu hakuona sababu ya kuimwaga. Aliiweka kisandukuni pamoja na zile nyingine, ikawa damu yetu ya kulinganishia.

Maana yake ni hii. Hakuna damu inayotoka giza kabisa kwenye chipu. Rangi nayo ina ujinga wake. Hata kwa mtu asiye na ugonjwa utaona nukta moja mbili zinazong'aa bure. Ndiyo maana kila unapopima watu unapitisha pia damu ya mtu mwenye afya, unatazama nukta zake, na hapo unachora mstari. Aliye juu ya mstari unamfuatilia. Aliye chini yake unasema hujaona kitu. Na mwenye afya wetu alikuwa Madam. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe, alipanda kilima cha hospitali bila kuhema huku mimi, mdogo wake, nikishika kiuno. Tena damu yake ilikuwa imepita barabara ile ile, kwenye barafu ile ile, na za wengine. Ulikuwa mpango mzuri. Ungeniuliza wakati huo ningekuambia ulikuwa mpango bora kuliko wa wenzetu wa utafiti kule Nairobi.

Nukta zake zilikuwa zikiongezeka kidogo kidogo. Tuliziona. Tukalaumu rangi, tukaagiza rangi nyingine, zikaendelea. Tukazipa jina, vumbi. Tukasema rangi za siku hizi zina vumbi, na mstari tukaupandisha, ili vumbi lisitudanganye.

Jambo jingine la Madam ambalo halikuendana na ukali wake ni kwamba hakuweza kumnyima mtu jibu. Sheria ya utafiti ilikuwa wazi na ni yeye aliyetusomea: chipu bado inajaribiwa, hakuna kumpa mtu majibu yake. Mimi ningekufa kabla sijamwambia mtu. Lakini yeye, mama akimsimamisha langoni na kumuuliza, "Kwa hivyo?", alitazama huku na huku kama mwizi na kumnong'oneza, "Hatujaona kitu." Na Mzee wa Londiani, Madam alimpigia kwa simu yake mwenyewe, nikimsikia. "Mzee, hatujaona kitu. Lala." Wiki iliyofuata gunia la viazi liliteremshwa langoni likiwa limeandikwa "Daktari" kwa makaa.

Nilimkemea. Alisema, "Moraa, wewe hujui kungoja ni nini." Hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimemngoja mama yangu kwenye wadi ile ile.

Halafu wenzetu wa Nairobi wakasema, kabla hatujaendelea, wanataka damu ya kulinganishia kutoka kwa watu wengine pia, wasio wafanyakazi wa maabara. Madam aliguna, akasema wanapenda kuongeza kazi. Tukaenda chuo cha ualimu kilicho chini ya kilima, wanafunzi wakajitolea, wakapewa soda.

Chipu zao zilitoka giza. Nukta hapa, nukta pale, basi. Nilifikiri nimekosea rangi. Nikarudia kwa rangi mpya. Giza. Nikasafisha vijia, nikarudia, giza. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimepoteza subira.

"Madam, hizi chipu zimeharibika. Haziyaoni hata yale mavumbi."

Alikuja akainama. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, na nikagundua kwamba ule mluzi wa pua sikuusikia. Alikuwa ameacha kupumua.

"Sio chipu," akasema. "Toa damu yangu. Halafu toa yako."

Nilimtoa, nikajitoa. Tukazipitisha pamoja, chipu mbili kando kwa kando. Yangu ilitoka giza. Yake ilitoka kama ilivyotoka siku zote, na nukta zile tulizozizoea zimesambaa humo, zimetulia, nzuri kabisa kwa macho.

"Hii," akasema, "ndio tumekuwa tukiita safi."

Nilikuwa nafikiria uji. Kwa miezi alikuwa akija kazini na chupa ya uji, saa ya chakula anakaa dirishani anaunywa taratibu, na tukimuuliza anasema ni meno, daktari wa meno wa Kericho amemharibia. Tulimcheka. Karanja alimwita mtoto wa kunyonyeshwa.

"Ni tangu lini?" nikamuuliza.

"Ni tangu lini nini?"

"Madam, usinifanyie hivyo. Kumeza."

Alivua glavu. "Nilikuwa na shughuli, Moraa."

Nilimkasirikia. Sijui niandike nini kingine. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Mwanamke aliyezunguka nchi nzima akiwaambia watu msingoje, mje mapema, akinywa chai yake iliyoota ngozi, alikuwa ameketi dirishani na uji wake akiusingizia meno. Nilitoka nje nikalia kwenye ukingo wa shamba la chai, wachumaji wakinitazama na vikapu vyao mgongoni, na hakuna aliyeniuliza kitu. Watu wanaofanya kazi jirani na hospitali hawaulizi.

Daktari wa kamera ya kooni alimwona kesho yake. Uvimbe ulikuwa mkubwa na ulikuwa umeshatembea mwilini. Akamwambia aende Nairobi bila kukawia, kuna dawa zinazoweza kumpa muda. Madam alimshukuru kwa adabu, akarudi maabara, akavaa koti jeupe na kuketi.

"Shusha mstari," akaniambia.

Picha za chipu zote tulikuwa nazo. Tulishusha mstari mpaka pale damu ya wale wanafunzi iliposema uwe, tukaanza kusoma upya kila mtu tuliyemwambia hatujaona kitu. Wengi walibaki chini, Mungu ashukuriwe. Wachache walipanda juu. Mzee wa Londiani alipanda juu.

Wenzetu wa Nairobi walipopigiwa simu walifurahi, na walikuwa na aibu ya kufurahi. Chipu imefanya kazi, walisema, imeugundua ugonjwa kabla ya mwenyewe kukubali. Kilichokosea ni mstari, na mstari unarekebishwa. Wakamsihi aje atibiwe, hayo mengine watu wengine watayamaliza. Walikuwa na haki. Nami nilimwambia vivyo hivyo, si kwa upole.

"Enda Nairobi, Madam. Hao watu nitawapigia mimi."

Niliwapigia. Walikuja wakilalamika, wakawekwa kamera, na nilishukuru kwa kila aliyetoka akisema amechomwa sindano bure. Mzee hakuja. Alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni Moraa, Mzee. Yule aliyekutoa damu."

"Sio wewe uliniambia niko sawa."

"Si mimi."

"Basi yule alisema, aseme tena." Akakata.

Nilimpelekea Madam jibu hilo nikitumaini litamchosha kama lilivyonichosha. Wakati huo sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, na hata mate hayakuwa yakishuka vizuri. Alitembea na kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

"Hatakuja na wewe," akasema.

"Basi asikuje! Ni mtu mzima."

Nilimaanisha. Nilitaka aingie kwenye gari la Nairobi siku ile, na kama Mzee mmoja wa Londiani mwenye kichwa kigumu ndiye bei yake, nilikuwa tayari.

"Nilimpigia na simu yangu," Madam akasema. "Sio ya hospitali. Nilimwambia alale. Analala mpaka saa hii, Moraa."

Karanja alitupeleka. Madam alikaa mbele, kikopo mapajani, mtandio shingoni. Juu kule Londiani palikuwa na baridi na viazi vilikuwa vimechanua. Mzee alikuwa shambani na jembe, akatuona, akaendelea kulima mpaka mwisho wa tuta ndipo akaja. Mke wake alikuwa amekwishaleta viti nje na chai. Madam hakukishika kikombe. Mama akakitazama, akamtazama yeye, akasimama mlangoni.

"Uliniambia niko sawa," Mzee akasema, kabla hata ya salamu.

"Nilisema hatujaona kitu."

"Ni hiyo hiyo."

"Ni hiyo hiyo," Madam akakubali. "Nimekuja kukuambia nilikosea."

"Nilimwambia huyu mama niko sawa. Nikapanda. Nikalala kama mtoto. Watu wa hapa wakinisikia nikikohoa nilikuwa nawaambia, daktari amesema. Sasa unataka nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi. Damu yako nilipima na yangu. Yangu ndio ilikuwa mbaya, na mimi niliiweka kama ndio nzuri. Kwa hivyo yako ikaonekana sawa. Wewe hukukosea kitu. Ni mimi."

Alisema hayo kwa vipande, akisimama kutema kwenye kikopo na kukifunika. Mzee alikuwa akitazama mkono wa Madam uliokishika kile kikopo. Alikuwa ameyaona hayo kwa ndugu zake, tena nyumba ile ile.

"Wewe unameza?" akauliza, kwa sauti nyingine.

"Simezi."

"Hata maji?"

"Kidogo."

Mzee aliondoa kofia akaishika. Nadhani bado angekataa. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta namna ya kukataa kwa heshima, maana kukubali kulikuwa ni kukubali yote. Ila mke wake alikuwa ameshaingia ndani, na akatoka na koti zito la mume wake, lile la kanisani, na kiatu kimoja kimoja kila mkono.

"Vaa," akamwambia. "Tunaenda na hao."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe jirani ataangalia. Vaa."

Tulirudi tumebanana, mimi na wao nyuma, viatu vya Mzee vikinuka rangi ya viatu. Daktari wa kamera alikuwa ametungoja. Madam hakuweza kupanda ngazi tena, akabaki garini na Karanja, kiti kimelazwa, na mimi nikaingia na Mzee kwa sababu aliomba niingie. Nilisimama nyuma ya daktari nikitazama skrini, ile njia nyekundu ikiteremka, ikiteremka, safi, safi, na nikaanza kumwomba Mungu iwe safi mpaka chini, iwe tumemsumbua bure, anitukane. Haikuwa safi. Palikuwa na mahali, upande mmoja, pamekwaruzika na kuinuka kidogo. Daktari alisimamisha kamera hapo. Akakata kipande cha kupeleka kupimwa, akatazama tena, akaniambia bila kugeuka kwamba kama mtu huyu angengoja hadi ashindwe kumeza tungekuwa tunaongea mambo mengine, lakini hapa palipo sasa panakatika.

Mke wake alikuwa nje ya mlango. Nilimwambia yeye kwanza. Aliketi sakafuni hapo hapo, miguu imenyooka mbele yake, akasema "Kongoi" mara nyingi, nafikiri hakuwa akinishukuru mimi.

Halafu nikashuka kwa Madam. Karanja aliponiona alitoka garini akaenda kusimama mbali, akijifanya anakagua tairi. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikachuchumaa karibu na kichwa chake. Alikuwa amefumba macho, na nilidhani amelala.

"Iko?" akauliza.

"Iko, Madam. Lakini ni ndogo. Daktari anasema inakatika."

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Nimeona."

"Ndogo namna gani?"

Sikuwa na maneno ya kitaalamu wakati huo. Nikamwinulia kidole changu kidogo, nikamwonyesha ncha yake, pale kwenye ukucha. Alifungua macho akaitazama, karibu sana, jinsi alivyokuwa akitazama kila kitu. Kisha akakishika kile kidole mkononi mwake, na Karanja alipoliwasha gari alikuwa bado amekishika, ikabidi niendeshwe hadi kwake nikiwa nimechuchumaa kati ya viti.